Hesabu ya Maji kwa Aliyekatwa Utumbo

Watu wa Ukambani, hasa wakaao katika nchi kavu ya Kitui na Makueni, ambako mito aghalabu ni mchanga mtupu na maji huchimbuliwa chini yake na kutekwa kwa kata, hawana haja ya kufundishwa na mtu yeyote thamani ya maji. Walakini yako maradhi ambayo humfanya mgonjwa anywe maji safi mchana kutwa na huku akizidi kukauka, na kila anavyokunywa ndivyo mwili unavyopoteza, hata jamaa zake, ambao kwa huruma humletea kikombe baada ya kikombe, wasitambue kwamba wanamdhuru kwa mikono yao wenyewe. Maradhi hayo ni utumbo kushindwa kufanya kazi yake. Nimeona vyema kuyaeleza kwa wasaa, kwa kuwa shifaa yake, baada ya mpasuaji kumaliza kazi yake, hutegemea jiko, jagi na kijiko zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Tumezoea kuambiwa kwamba figo za fulani zimeshindwa, au moyo wake, au ini. Habari ya utumbo ni nadra kusikika, ingawa matokeo yake hayana tofauti kubwa. Matabibu husema utumbo umeshindwa pale uwezo wake wa kufyonza chakula, maji na chumvi unaposhuka chini ya kiasi kinachotosha kuuweka mwili katika siha, ikawa lazima mgonjwa aongezewe kwa njia ya mshipa. Nao huyagawa maradhi haya mafungu matatu kwa kadiri ya muda. Fungu la kwanza ni la siku chache, kama pale utumbo unapolala baada ya upasuaji usisukume kitu, kisha ukaamka wenyewe. Wengi waliopasuliwa tumbo wamelipitia bila ya kulijua jina lake. La pili ni la majuma na miezi, nalo ndilo la hatari kuu, kwa sababu mgonjwa huwa na usaha tumboni, au tundu lililojifungua kutoka utumboni hadi kwenye ngozi, na homa, na kukonda kwa haraka, vyote kwa pamoja. La tatu ni la miezi na miaka, pengine la umri mzima, ambapo jeraha limekwisha pona lakini utumbo uliosalia hautoshi. Makala haya yanamwelekea zaidi mtu wa fungu hilo la tatu na wale wanaolala naye nyumba moja.

Ili shauri lieleweke, yafaa kwanza kujua utumbo mzima hufanya nini. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kati ya mita 3 hivi na mita 8, na ndani yake umekunjwakunjwa mikunjo isiyohesabika, na juu ya mikunjo hiyo yameota manyoya madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Kazi ya mikunjo hiyo ni ile ile ya matuta ya fanya juu tunayoyaona kwenye miteremko ya Mbooni na Kilungu: kuyazuia maji yasipite mbio, yapate muda wa kunywewa. Na maji yenyewe ni mengi kuliko mtu awezavyo kuwaza. Tunakunywa lita 2 hivi kwa siku, lakini mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe huongeza lita nyingine kama 7, zikawa jumla ya lita 9 hivi zinazopita humo kila siku. Karibu zote hufyonzwa na kurudi mwilini, nyingi katika utumbo mwembamba na kiasi cha mwisho katika utumbo mpana, hata kinachotoka nje na choo, ashakum si matusi, ni maji yasiyojaza glasi moja. Basi mtu akikatwa sehemu kubwa ya utumbo, lita hizo hazingojei. Zile za mate na za tumbo huendelea kumiminika kama kawaida, na pa kufyonzewa hapapo.

Ni nini humfikisha mtu hapo? Katika nchi za wenzetu wa Ulaya husemwa zaidi maradhi ya uvimbe wa utumbo na mshipa wa damu wa tumbo kuziba. Kwetu Afrika Mashariki sura ni nyingine. Kuna ngiri iliyojinyonga, ambayo mwenyewe aliiona miaka mingi akaiacha kwa kuwa haikumuuma. Kuna homa ya matumbo iliyotoboa utumbo. Kuna makovu ya ndani yaliyoachwa na upasuaji wa zamani. Kuna kifua kikuu cha tumbo. Kwa watoto wachanga kuna utumbo kujimeza. Na kuna utumbo kujisokota, ambao una namna moja mbaya kuliko zote, pale utumbo mwembamba unapojizungusha kwenye shina la utumbo mpana na vyote viwili kufungana fundo, damu ikakatika, na katika muda wa saa chache tu vyote vikafa. Mwaka wa 1967 mpasuaji Shepherd, aliyefanya kazi Uganda, alichapisha habari za wagonjwa 92 wa fundo hilo, idadi ambayo mpasuaji wa Ulaya hangeiona katika maisha yake yote. Anayeponea fundo hilo huamka amekatwa pande zote mbili, na upande wa utumbo mwembamba unaokatwa aghalabu ni ule wa mwisho, ambao, kama nitakavyoeleza, hauna badala.

Hapa nasaha ya kwanza ni ya kabla ya maradhi. Tumbo likikaza ghafla kwa maumivu, likafura, mtu akatapika maji ya kijani na asipitishe choo wala upepo, huo si wakati wa dawa ya kuharisha, wala wa majani ya kuchemsha, wala wa kungoja gari la asubuhi. Kila saa inayopita ni sentimita za utumbo zinazokufa. Ngiri isiyorudi ndani nayo ni hivyo hivyo. Nimewasikia watu wakijadiliana usiku kucha kama mgonjwa apelekwe Makindu au Wote, au kama yupo upande wa Mutomo aende hospitali ya misheni hapo au asafirishwe hadi Kitui. Nami nasema apelekwe panapofikika upesi penye chumba cha upasuaji, na mengine yazungumzwe baadaye.

Upasuaji ukiisha, yako maswali ambayo jamaa wana haki ya kumwuliza mpasuaji kwa adabu, na majibu yake yaandikwe kwenye karatasi ya kutoka hospitalini. Swali la maana si utumbo gani umekatwa, bali ni kiasi gani kimebaki, kwa sentimita. Je, utumbo mpana upo, nao umeunganishwa, au mgonjwa ametolewa mdomo wa utumbo tumboni, unaomwagia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi? Je, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba imesalia? Majibu hayo matatu ndiyo yanayoamua maisha yake. Aliyebakiwa na chini ya mita 2 huhesabiwa kuwa na utumbo mfupi. Kati ya hao, ambaye utumbo wake mwembamba unaishia tumboni kwenye mfuko na haukufika mita moja, kwa kawaida atahitaji msaada wa mshipa kwa muda mrefu. Lakini aliyeunganishwa na utumbo mpana huweza kujimudu kwa urefu mdogo kuliko huo, hata karibu na nusu ya mita, kwa sababu utumbo mpana huyakamata maji na chumvi, na fauka ya hayo huvigeuza vyakula vya wanga visivyosagika kuwa nguvu kwa kazi ya vijidudu vyake. Kwa ajili hiyo, mpasuaji asemapo kwamba miezi kadhaa baadaye atakuunganisha tena, tarehe hiyo usiipuuze kwa kuona umezoea mfuko.

Tena, utumbo una sifa moja njema ya kustaajabisha: uliobaki hujifunza. Manyoya yake hurefuka, upana huongezeka, mwendo hupungua, na nafuu hiyo huendelea kwa mwaka mmoja au miwili, na kwa watoto zaidi ya hapo. Sharti lake ni kwamba chakula kipite humo. Utumbo unaofungishwa saumu husinyaa. Basi mgonjwa asikatazwe kula kwa hofu kwamba akila ataharisha.

Sasa tufike kwenye maji, ambayo ndiyo kiini cha maneno haya.

Mtu ambaye utumbo wake mfupi unaishia kwenye mfuko, na mfuko ukatoa lita moja na nusu, au mbili, au zaidi kwa siku, huona kiu isiyokatika. Akinywa maji matupu, ukuta wa sehemu ya juu ya utumbo, ambao kwa maumbile yake huvuja, huyamwagia maji hayo chumvi itokayo katika damu, mpaka yakaribiane na damu kwa uchumvi. Na kwa kuwa chini hakuna utumbo wa kuirudisha, chumvi hiyo huishia mfukoni pamoja na maji yaliyoibeba. Alikunywa kikombe kimoja, kikatoka kikombe na ziada. Chai hufanya vivyo hivyo, na maziwa pia. Soda na maji ya matunda yenye sukari nyingi, hata yale ya maembe yetu ya Makueni ambayo hakuna asiyeyapenda, yana shari ya namna nyingine, kwani utamu wake mzito huyavuta maji ya mwili kuingia utumboni. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hii huwekewa kikomo cha vinywaji hivi vyote kwa jumla, aghalabu nusu lita kwa siku na asizidi lita moja, kadiri tabibu atakavyoona, na kiu iliyobaki huzimwa kwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo.

Kwa nini chumvi na sukari pamoja? Katika Agosti 1960, kwenye mkutano wa wataalamu mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo sukari ya glukosi na chumvi huingia kwa mlango mmoja, nazo zikiingia huvuta maji nyuma yake. Miaka 11 baadaye, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwaokoa wakimbizi wengi wa kipindupindu kwenye kambi ya Bangaon kwa mchanganyiko huo huo uliotiwa katika madumu, dripu zilipokuwa zimekwisha. Mlango huo ndio uliomo pia katika utumbo mfupi. Lakini tofauti yapasa ijulikane. Pakiti za ORS tunazopewa kwa watoto wanaoharisha, tangu Shirika la Afya Duniani lilipobadilisha kipimo mwaka wa 2002, zina sodiamu milimoli 75 kwa lita. Aliyekatwa utumbo na kutolewa mdomo wa tumboni huhitaji 90 au zaidi. Kwa hiyo matabibu wengine humwagiza achanganye pakiti hizo kwa maji machache kuliko yaliyoandikwa, na wengine hutumia kipimo cha hospitali ya St Mark's ya London, ambacho ni maji lita moja, unga wa glukosi gramu 20, yaani vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi gramu 3.5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na sodiamu bikaboneti gramu 2.5, yaani nusu kijiko cha chai kilichojaa kwa kilima.

Nakiandika kipimo hiki kwa tahadhari tatu. Kwanza, ni cha mtu mzima aliyeagizwa na tabibu wake. Mtoto anayeharisha kwa kawaida asipewe kamwe, kwa kuwa chumvi hiyo ni nyingi kwake na yaweza kumletea degedege. Pili, bikaboneti ni ile ya kuokea mikate, nayo isichanganywe na magadi tunayotia katika isyo ili mahindi na maharagwe yalainike, wala na hamira. Tatu, vijiko vya nyumbani havilingani. Chagua kimoja, kipeleke kliniki kikapimwe, kisha kitiwe alama na kisitumiwe kwa kazi nyingine. Vivyo hivyo pakiti za ORS: nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita nzima, basi msomeeni mgonjwa maandishi kabla ya kumwaga maji. Na maji yawe yamechemshwa, yatoke bombani au kwenye mchanga wa mto.

Ladha yake si ya kusifiwa. Katika wodi moja ya hospitali ya kaunti nilimkuta mama aliyekuja na chupa kubwa ya chai kutoka upande wa Mutomo, ameiweka chini ya kitanda cha mumewe, naye muuguzi ameiona.

"Mama, chai hii ni ya nani?"

"Ni ya mzee, sista. Analia kiu tangu alfajiri."

"Na yale maji niliyowachanganyia?"

"Yako pale. Anasema ni kama maji ya kisima cha Kibwezi."

Muuguzi hakukasirika. Aliikamulia ndimu ile lita ya maji ya chumvi, akaitia katika sufuria ya maji baridi kwa muda, kisha akampa mzee nusu kikombe, akamwambia, "Mzee, funda kwa funda, hadi saa sita. Usiyagugumie." Halafu akamwandikia mama kwenye kijitabu safu mbili, yanayoingia na yanayotoka, akamwonyesha jagi lenye mistari ya vipimo na namna ya kuumimina mfuko ndani yake kabla ya kuyamwaga yaliyomo chooni. Mama alikuwa muuza pojo sokoni. Hesabu ya safu mbili hakuhitaji kufafanuliwa mara ya pili.

Kijitabu hicho ndicho ninachowasihi wasomaji wakichukulie kwa uzito. Kila siku iandikwe kiasi cha mfuko, kiasi cha mkojo, na uzito wa mwili asubuhi kabla ya kula. Mkojo usipungue mililita 800 kwa siku. Uzito ukishuka kilo nzima kwa usiku mmoja, hiyo si nyama iliyopotea, ni lita ya maji. Kizunguzungu wakati wa kusimama, mikakamao ya miguu, vidole kufa ganzi na mkojo kuwa mweusi ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo kuongezewa maji, chumvi na pengine magnesiamu kwa dripu. Na katika kiangazi cha Agosti na Septemba, pale mtu anapotoka jasho hata akikaa kivulini, kiasi cha mfuko ambacho wakati wa baridi kilivumilika huwa hakivumiliki tena. Aliyebakiwa na utumbo mpana hana shida hii kwa ukali huo, na sheria ya kupunguza maji haimhusu kwa namna ile ile. Naye asije akajinyima maji kwa kuyasoma haya.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mgonjwa ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, na kinywaji kikae mbali na mlo kwa nusu saa, kisije kikakikokota chakula nje. Chumvi ya mezani, ambayo wenye shinikizo la damu hukatazwa, kwake yeye ni dawa. Ugali, wali, viazi, uji, mayai, nyama laini na samaki ni vyema. Isyo ya mahindi mazima, nyuzi za embe, ngozi nyeupe ya chungwa na njugu zisizotafunwa vizuri huweza kuziba mdomo wa utumbo, hivyo mwenye mfuko aviache au avisage. Muthokoi, kwa kuwa imekobolewa, ina nafuu, ila ipikwe mpaka ilainike kabisa. Aliyeunganishwa na utumbo mpana apate wanga kwa wingi na apunguze mafuta, na atahadhari na mchicha, spinachi, chai kali na njugu karanga, kwa kuwa vina oksaleti, ambayo kwa mtu wa hali yake hufyonzwa kupita kiasi na kujenga mawe katika figo; takriban mmoja kati ya wanne wa namna yake huyapata. Mboga zikichemshwa na maji yake kumwagwa, na maziwa yakinywewa pamoja na mlo, madhara hupungua.

Kuna kosa moja la upendo. Mtu aliyekaa majuma bila ya kula, akakonda hadi mifupa, anaporudi nyumbani huchinjiwa mbuzi, naye hushurutishwa ale. Mwili uliokauka ukipewa chakula kingi kwa ghafla huyavuta madini yote ya damu, fosfeti na potasiamu na magnesiamu, kuyaingiza ndani ya chembe, na moyo huweza kusimama. Lishe ya mtu huyo huanza kidogo, hospitalini, pamoja na thiamini, na kuongezwa siku baada ya siku. Mbuzi atangoja.

Na kwa kuwa nazungumza na watu wa Kitui na Makueni, siwezi kuipita habari ya mahindi yenye ukungu. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini iliwapata watu 317 katika sehemu hizi na jirani zake, na 125 kati yao walikufa kwa ini kuharibika. Mwenye utumbo ulioshindwa, hasa alishwaye kwa mshipa, ana ini linaloelemewa tayari. Mahindi yake yakaushwe vizuri, yachambuliwe kwa jicho, na yaliyobadilika rangi yasimkaribie hata kama njaa imebisha hodi.

Dawa zake si nyingi, lakini hutumiwa kwa namna isiyo ya kawaida. Loperamidi hupunguza mwendo wa utumbo, nayo hunywewa nusu saa kabla ya mlo, kwa vipimo ambavyo mwuza duka la dawa huvishangaa; basi mgonjwa awe na barua ya tabibu. Omeprazoli hupunguza maji ya tumbo, ambayo katika miezi ya mwanzo baada ya kukatwa huwa mengi mno. Vidonge vikionekana vizima mfukoni, havikufyonzwa, naye amwambie tabibu abadilishe namna. Na yule niliyemtaja, aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, hana tena mahali pa kufyonzea vitamini B12, wala hawezi kuirudisha nyongo kama ipasavyo. Akiba ya B12 iliyo katika ini hudumu miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hujitokeza wakati watu wote wamekwisha sahau upasuaji: miguu hufa ganzi, damu hupungua, fahamu hupwaya, na watu husema ni uzee. Sindano yake, aghalabu kila baada ya miezi mitatu, ni ya umri mzima, nayo haina badala ya kidonge cha kawaida wala ya mti shamba.

Maji ya utumbo mwembamba humeng'enya ngozi kama yanavyomeng'enya nyama. Mfuko ukatwe tundu linalolingana barabara na mdomo wa utumbo, upimwe upya kwa kuwa mdomo hupungua katika majuma ya mwanzo, na umiminwe ukifika thuluthi. Mifuko ni ghali na haipatikani kila duka, na wengine hujisaidia kwa vitambaa. Afadhali kuuliza hospitalini mapema wapi inauzwa kuliko kungoja ya mwisho ichanike.

Kuhusu kulishwa kwa mshipa, historia yake si ndefu. Katika miaka ya 1960 Stanley Dudrick, huko Philadelphia, aliwakuza watoto wa mbwa kwa chakula cha mshipani peke yake, kisha akafanya hivyo kwa mtoto mchanga. Na kuanzia 1970 daktari Khursheed Jeejeebhoy wa Toronto alimrudisha nyumbani mwanamke asiye na utumbo, akaishi miaka 20 hivi akijilisha mwenyewe usiku. Katika kaunti zetu huduma ya kufanya hivyo nyumbani si ya kawaida, na hata ya hospitalini hupatikana zaidi Nairobi. Mwenye kuihitaji aombe apelekwe huko mapema, kabla ya kuwa taabani. Aliyewekewa mpira katika mshipa mkubwa ajue jambo moja kuliko yote: akipata homa na kutetemeka, hata kama ni saa nane za usiku, aende hospitali mara hiyo hiyo, wala asikubali kuandikiwa malaria na kurudishwa nyumbani kabla damu yake haijapimwa vijidudu. Upasuaji wa kurefusha utumbo na wa kupandikiza mwingine upo duniani. Kwa wengi wetu bado ni habari ya kusikia.

Watoto wana mlango wao. Mtoto akizaliwa matumbo yakiwa nje, yafunikwe kwa plastiki safi ya kufungia chakula, mtoto ashikwe joto, asinyonyeshwe kwanza, apelekwe hima kwa wapasuaji wa watoto, Kenyatta au Kijabe. Uchunguzi uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba watoto wa namna hii hufa 1.4 kwa 100 katika nchi tajiri, 32 hivi katika nchi za kipato cha kati, ambamo Kenya imo, na 90 katika nchi maskini. Utumbo ni ule ule. Kinachotofautiana ni saa zilizopotea njiani, joto, maji na uuguzi. Mtoto akifika akapona na kuanza kulishwa, maziwa ya mama yake ndiyo bora kwa utumbo mfupi.

Limebaki la fedha, ambalo sitalirefusha. Makueni ilianza mwaka wa 2016 mpango wa matibabu kwa ada ya shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pa bima ya zamani ya NHIF, na mchango wa asiye na mshahara hulipwa kwa mwaka mzima kwa mara moja, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Utumbo haujisokoti kwa miadi. Ajiandikishe aliye mzima, na aliyekwisha kukatwa ahakikishe mchango haukatiki katikati ya miezi ya kungoja kuunganishwa. Siku ya kliniki aende na kijitabu cha safu mbili, kijiko chake chenye alama, vidonge vyote alivyo navyo ndani ya mfuko mmoja, na ile karatasi ya mpasuaji, nakala yake ikiwa imebaki nyumbani kwa mtu anayejua kuipata gizani.